Pampu, Buluu na Karamu ya Uchumba

Jumapili, 6 Julai
Bili ya umeme imefika. Nimeanza kuisoma nimesimama, nimeimaliza nimekaa sakafuni. Lahaula! Nilidhani ni ya hoteli. Mke wangu Nagwa kasema jina ni letu, na mlaji ni pampu ya bwawa la kuogelea, inayonguruma usiku na mchana. Jirani yetu Bahgat, kanali mstaafu, kachungulia juu ya ua na glasi yake ya chai. Yeye, kasema, huiwasha yake saa chache tu, mwendo wa polepole, na bwawa hulifunika. Nani kamuuliza? Saa chache! Mimi nitamshinda. Nitaizima kabisa.

Jumatatu, 7 Julai
Imezimwa. Kimya kitamu! Nagwa kauliza mbona haingurumi. Nikasema siku hizi inapumulia ndani. Kanitazama kama anavyomtazama muuza samaki wa jioni. Ijumaa binti yetu Rim anavishwa pete na Wagih, karamu papo hapo bwawani.

Jumatano, 9 Julai
Balaa! Maji yamekuwa kijani kama mchuzi wa mulukhiya. Rim kapiga ukelele: "Baba! Wakwe wanakuja kula au kuvua vyura?" Nikamwambia atulie, baba yupo. "Hicho ndicho kinachonitisha," kasema. Niwashe pampu, Bahgat aisikie acheke? Thubutu! Nimekumbuka buluu ya kufulia. Nimemaliza ya duka zima, nikamwaga yote. Bahari ya Matruh haioni ndani! Nagwa mwenyewe kasifu.

Ijumaa, 11 Julai
Pete zilivishwa, vigelegele vikalia. Ghafla marafiki wa Wagih wakambeba juu juu, na suti yake nyeupe, wakamtosa bwawani. Hata "jamani" sikuwahi kusema. Akaibuka buluu. Masikio buluu. Meno! Kigelegele cha mama yake, Bi Inshirah, kikakatikia kooni. Nikasema ni maji ya tiba kutoka chemchemi za Siwa. Hakuna aliyeamini. "Twende nyumbani, mwanangu," akasema Bi Inshirah. "Hawa si wazima."

Uchumba wa mwanangu, umekwisha! Rim akavua viatu, akajitosa na gauni lake. Akaibuka buluu kuliko mchumba. "Mama mkwe, sasa tumefanana," akasema. "Utamchukua yupi, utamwacha yupi?" Bi Inshirah akakodoa macho, akacheka hadi akakaa chini. Vigelegele vikarudi.

Nagwa hakucheka. Alikuwa ameshaiona swichi ya pampu, imezimwa. "Shawqi," kaninong'oneza, "leo utalala na pampu yako."

Jumamosi, 12 Julai
Mgongo! Sakafu ya chumba cha pampu ni mawe matupu. Wachumba wanasuguana kwa malimau, wanacheka. Bwawa linamwagwa maji. Nagwa kaniamuru niende kwa Bahgat nikajifunze. Nimekwenda. Nimesikiliza kwa adabu: saa chache, polepole, funika. Nimeitikia kila neno.

Upuuzi mtupu! Kuzima pampu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa rangi. Nimeshaagiza perege kutoka Fayum, gari zima. Watakula ukijani wote, bila umeme. Nagwa nitamwambia wakishazoea maji.