Kamera ya Marehemu Baba Mkwe

Jumamosi, 5 Julai

Sasa hivi binti yangu Mushira ameshusha kikapu cha mkate mtaani, na ndani yake ametia skrubu zangu tatu. Ana miaka mitatu. Kuvaa kiatu hajui, kushusha kikapu kwa kamba kutoka roshani ya ghorofa ya tatu anajua! Nimepiga kelele dirishani. Muuza mkate akadhani naagiza, akatia mikate mitano, akaenda zake na baiskeli.

Skrubu ni za kamera, zinabana pete ya mbele. Kamera ni ya marehemu baba mkwe, ya Kijerumani, aliinunua Port Said ujanani. Tangu afariki imelala kabatini kwa mama mkwe, imeviringishwa kwenye skafu. Haipigi tena. Nimeitoa jana Hajja, mama mkwe mwenyewe, alipokuwa anaoga. Hajui.

Sababu ninayo. Nimejifungua Alhamisi. Mvulana, mzima, mashavu ya kutafuna. Baba yake, Shauki, yuko Kuwait anapaka rangi majumba, bado hajamwona. Alhamisi hii ni sherehe ya siku ya saba, na Jumatatu inayofuata jirani yetu Bayumi anarudi Kuwait, atabeba picha. Shauki ameomba mbili tu. Ya mtoto, na yangu, yenye uso safari hii.

Maana picha zote za nyumba hii anapiga wifi yangu Daulat, kwa kamera yake ya Kijapani. Na mimi huwa ananikata kichwa. Kwenye harusi yangu mwenyewe mimi ni gauni tupu. Anasema ni bahati mbaya. Miaka mitano ya bahati mbaya!

Safari hii picha napiga mwenyewe.

Jumapili, 6 Julai

Balaa. Mama mkwe kauma mkate, kauma skrubu.

Akaitoa mdomoni, akaitazama, akanitazama. Nikasema labda imetoka kwenye tanuri la mkate. Akaenda kabatini, akarudi na skafu tupu, akaketi kitandani kwangu. Nikamkumbatia mtoto kifuani, mtu hampigi mzazi aliyebeba kichanga.

Hakupiga. Akasema marehemu alikuwa hamruhusu mtu hata kuipangusa vumbi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama anauliza habari za mgonjwa:

"Itapona?"

Nikasema kufikia Jumatano itakuwa nzima. Sijui kwa nini nilisema Jumatano.

"Haya. Ukiiua mara ya pili, mwanangu, utakwenda kumweleza mwenyewe huko aliko."

Jumatatu, 7 Julai

Baba yangu alikuwa fundi wa majiko ya mafuta kule Mahalla. Nimekulia miguuni pake. Kamera ni jiko tu lenye kioo. Imeziba, unazibua.

Ndani kuna vijisahani vyembamba vya chuma, ukibonyeza vinafunguka na kufunga. Vimegandana kwa mafuta ya zamani. Kuvifikia lazima ufungue pete iliyoshika kioo. Pete haitaki, hata bila skrubu. Nimeijaribu kwa kisu, kwa kibano cha nyusi, kwa meno. Haitaki!

Akili ikanijia jikoni. Halawa! Siyo ya kula. Ile yetu wanawake, sukari iliyopikwa na ndimu mpaka ikawa kama nta, ya kung'olea vinyweleo. Kama inaiweza miguu ya Daulat, itashindwa na pete? Nikabandika donge kwenye kitako cha kikombe cha kahawa, nikakigandamiza juu ya pete, nikazungusha. Ikatoka kama kifuniko cha chupa. Nimeshangilia mpaka mtoto kaamka.

Kisha pamba na petroli ya kujazia kiberiti cha sigara. Kidogo kidogo. Vijisahani vikacheza. Kra!

Mama mkwe alikuwa mlangoni na bakuli langu la moghati, lile la samli na ufuta la kumpa mzazi nguvu. Akabaki amesimama. Akasema sauti hiyo ndiyo iliyomposa. Marehemu alimpiga picha kumi na mbili kabla hajathubutu kumsalimia. Nimeinywa moghati ya baridi, sikulalamika.

Jumatano, 9 Julai

Tatizo jipya. Kwenye kidirisha cha kutazamia, kamera hii inakuonyesha kila kitu mara mbili. Unazungusha kioo mpaka picha mbili zilaliane, hapo ndipo imeona sawasawa. Zangu hazilaliani. Asubuhi nzima niko roshani na minara miwili ya msikiti mmoja. Nikigeuka ndani, mama wakwe wawili, wote wananiambia nirudi kitandani.

Nikagundua kijiskrubu juu, chini ya kifuniko. Nikakizungusha kwa ncha ya sindano. Mnara ukapanda juu ya mnara. Mmoja! Sijapata furaha hiyo tangu nimalize uchungu.

Sasa kurudisha pete. Skrubu ya mkate ipo. Mbili zimeliwa na mtaa. Nikiwa nimekaa nawaza, Daulat akaja kumwona mtoto. Akaitazama kamera mezani, akasema yake anaileta kesho, endapo hii itagoma. Eti yake ina akili zake yenyewe, haimdai mpigaji akili yoyote. Nikacheka kwa meno. Alipoondoka tu nikajaza halawa kwenye matundu mawili yaliyobaki. Ikakauka, ikashika kama saruji. Fundi gani angewaza hilo!

Nimetia mkanda mpya. Nasubiri kesho kama mtoto anasubiri Idi.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika nikiwa nimejificha bafuni.

Kulianza vizuri. Nyumba imejaa wanawake, mishumaa, joto la kupikia. Mtoto kalazwa ndani ya chekeche, desturi ya siku ya saba, kazungukwa na dengu na mchele. Shangazi yangu anagonga kinu cha shaba karibu na sikio lake, anamwambia msikilize mama yako, usimsikilize baba yako. Mimi napiga. Kra! Kra! Daulat naye kwenye kona anapiga na yake.

Ikafika zamu yangu kuruka chekeche mara saba, kama kila mama. Mama mkwe akaniambia niweke kamera chini. Nikasema hapana, kutoka juu ndiyo picha yenyewe. Nikaruka huku jicho liko kwenye kidirisha. Mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya nne nikahisi vidole vinanata. Joto! Halawa imeyeyuka! Ya tano, niko katikati, mguu huku na mguu kule, pete ikateleza. Kioo kikafuata. Vyote vikadondoka ndani ya chekeche.

Kinu kikanyamaza.

Kimeangukia kwenye dengu, pembeni ya miguu ya mtoto. Hakulia hata. Kikamtazama, akakitazama. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama mkwe akainama, akakiokota, akakipangusa kwa kanga ya kichwa chake.

"Mwacheni," akasema. "Ni jicho la marehemu, limekuja kumwona mjukuu wake."

Akamwaga chumvi pande zote kufukuza husuda, kinu kikaanza tena. Mimi nikakimbilia huku.

Jumapili, 13 Julai

Picha zimesafishwa. Zangu zote ni ukungu, sukari ilishapaka kioo. Moja ina kitu katikati. Ama ni mtoto, ama ni mkate.

Za Daulat zimetoka safi. Mtoto yumo, mzuri mpaka inauma. Nami nimo, na kichwa safari hii! Ila kila picha kichwa kina kamera usoni. Nilipanga kila kitu. Nani atanipiga mimi wakati napiga, hilo sikulipanga.

Imebaki moja tu yenye uso wangu. Ni pale pete ilipodondoka. Mdomo wazi kama kisima. Nimeificha chini ya godoro. Mama mkwe ameipata, ameitia kwenye bahasha, amempa Bayumi mkononi.

Jumamosi, 26 Julai

Shauki amepiga simu. Picha ya mtoto iko mfukoni mwake, kwenye shati la kazi. Ile ya mdomo wazi kaibandika ukutani juu ya kitanda. Wenzake wanamwuliza mkeo kaona nini. Kacheka mpaka laini ikakwaruza, kisha akasema:

"Mama Mushira, hii ndiyo picha ya kwanza ambayo ndani yake uko wewe."

Nimelia. Nimelia vizuri kabisa.

Kisha nikawaza. Ukutani! Mbele ya mafundi rangi kumi! Lazima nimpelekee nyingine, haraka, niliyofunga mdomo. Na njia ipo. Kamera ya Daulat ina kitufe cha kujipiga mwenyewe, unakimbia unakaa, taa inawakawaka, inapiga. Ila kwa kitufe hicho yake inawakawaka tu, haipigi. Ameisahau hapa jana. Skrubu ni nne, ndogo, kazi ya dakika mbili. Mlango nimefunga, halawa iko jikoni inapoa, safari hii nimeongeza ndimu ili isiyeyuke. Ya kwanza imetoka bila shida. Ya pili imetoka. Daulat anapanda ngazi, anaita jina langu, anasema anaitaka kamera yake kwa harusi ya jioni hii, nami kifuniko ndiyo kwanza kimelegea upande mmoja.