Wodi ya Wazazi, Mungu Akipenda

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake ambaye ndiye aliyempokea Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa idara, waheshimiwa wanaokaimu nafasi za wakuu wa idara walioko semina, shehe wetu, baba mchungaji, wadau wa maendeleo, kina mama mliokaa juani kwa hiari yenu, na mama mkwe wangu aliyeketi mstari wa mbele kwa sababu za kiitifaki. Itifaki imezingatiwa, na ambaye haikumzingatia aniandikie barua. Nasimama hapa kama Mkurugenzi wenu, mnyenyekevu kuliko wote waliowahi kukalia kiti hiki, na takwimu za unyenyekevu wangu zipo ofisini kwa anayetaka kuzisoma. (Makofi mstari wa mbele.)

Kabla sijaanza kuanza, niweke wazi kwamba serikali haina dini, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Ndiyo maana ofisini kwangu kikao hakifunguliwi kwa sala moja, huo ungekuwa upendeleo. Kinafunguliwa kwa sala ya kila dhehebu lililosajiliwa, jumla saba, halafu ya nane kwa niaba ya wasiosajiliwa, katika mtazamo jumuishi na mtambuka. Tukimaliza ni saa saba mchana, tunakwenda kula, tukirudi tunaanza sala za kufunga. Mihtasari inaonyesha kwamba kwa miaka minne hatujagombana kuhusu ajenda hata moja, maana hatujawahi kuifikia. (Kicheko nyuma. Mwenyekiti anageuka kutazama ni nani.)

Sasa niingie kwenye mradi tunaouzindua leo. Huyu mkunga wetu, mama aliyesimama pale kwenye nguzo na glavu mfukoni, aliniletea barua ya kuomba wodi ya wazazi. Alieleza kwamba wajawazito wanajifungulia kwenye korido ya zahanati, juu ya benchi la kusubiria dawa, huku wenye vikohozi wakiwaruka miguu. Barua ile iliniliza, na niliigonga muhuri siku hiyo hiyo. Zamani, ndugu zangu, muhuri wetu ulikuwa na nafasi ya tarehe ya kukamilika kwa kazi, jambo lililowakosesha watumishi usingizi. Mimi nikabuni muhuri wa kisasa, wenye mpini wa shaba, unaosema MUNGU AKIPENDA. Barua ya mkunga imegongwa mara tisa. Alipokuja mara ya kumi nikamuuliza, "Mama, una haraka kuliko Muumba?" Akanijibu, "Mkurugenzi, mimi haraka sina. Wenye haraka ni watoto." Nikaandika pembeni kwamba mwombaji apunguze jazba. (Makofi marefu, yote yakielekea kwenye nguzo.)

Makofi hayo nayapokea kwa niaba yake.

Baada ya hapo shehe na baba mchungaji, watu ambao hata kwenye mpira hawashangilii timu moja, wakaja ofisini wamefuatana. Nikajua wameleta dua. Kumbe shehe ananiambia, "Mwanangu, dua tunazo sisi, tena za akiba. Wewe tuletee matofali." Mchungaji naye akadai kwamba nimeligeuza jina la Mungu kuwa kichaka cha kujifichia, na kwamba kila mtu ashike kazi yake. Niliumia, sifichi. Lakini mimi ni msikivu, kwa hiyo nikaunda kikosi kazi cha kutenganisha dini na serikali, kikajifungia siku arobaini, idadi niliyoichagua kwa vigezo vya kitaalamu, kikaja na mgawanyo wa majukumu ambao haujapata kuonekana popote: serikali itashughulika na kuomba, na Mwenyezi Mungu atashughulika na ujenzi. (Shehe anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.)

Kwa mgawanyo huo, upande wetu umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. Mwenye malalamiko kuhusu kuta, paa au vitanda ayafikishe kwa mhusika moja kwa moja, sisi hatuwezi kuingilia, maana huko ndiko kuchanganya dini na serikali. (Mtafaruku nyuma. Viti vinaanguka.)

Naomba utulivu. Kuna nini huko? Naambiwa ni mke wa fundi cherehani, uchungu umemshika. Basi tumwombee. Nimesema tumwombee, mkunga, haipendezi kukatiza mbele ya meza kuu kiongozi akiwa amefumba macho. Na hicho ni kitambaa cha meza kuu, mama, hapo juu pana maji yangu. Mama mkwe, na wewe unakwenda wapi? (Mama mkwe anabeba mto wa kiti chake. Shehe na mchungaji wanashika turubai huku na huku liwe pazia, wamegeuza migongo.)

Tuendelee na kaulimbiu. Nikisema "Wodi", mtaitikia "Ipo". Wodi?

(Sauti moja: "Iko wapi?")

Huyo aandikwe jina. Wodi? (Nyuma ya turubai kinasikika kilio cha mtoto mchanga. Watu wanasimama, wanapiga vigelegele, hakuna anayetazama meza kuu.)

Nimesikia. Karani, ingiza kwenye ripoti kwamba wodi imeanza kutoa huduma hata kabla ya kuzinduliwa. Sasa nakata utepe huu mlioufunga kati ya mlingoti wa bendera na mguu wa meza. Mkasi uko wapi? (Karani anamnong'oneza.) Nani kauchukua? Kauosha kwa spiriti akatie nini? Kitovu?

Basi utepe ubaki hivyo hivyo. Nawashukuru nyote. Namshukuru mchora ramani, ambaye tungemwajiri kama ramani ingehitajika. Namshukuru mkandarasi, ambaye hatukumtafuta. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, aliyetuazima hadi saa kumi, naona anatuonyesha saa. Na wewe mkunga, ukimaliza kazi yako, nakuomba kwa heshima zote uurudishe mkasi wa serikali. Katika mradi huu mzima, ndicho kitu pekee kilichowahi kufika.