Ombi la Kupatiwa Bosi Mkali

Kwa Mjomba, Msimamizi Mstaafu wa Karakana,

Shikamoo Mjomba. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Ile kampuni tuliyoianzisha watu wanne katika stoo yako, ya kuwatafutia watu mafundi bomba kwa simu, inaendelea. Tatizo ni kwamba haina bosi. Mwenzetu tunayemwita Msomi, aliyerudi na wazo hilo kutoka semina, ameandika ukutani kwa rangi kuwa hapa wote tuko sawa. Tulipiga makofi, mimi kuliko wote. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hakuna wa kumwogopa. Nikichelewa, natunga kisingizio kizuri njia nzima, lakini nikifika hakuna anayeuliza. Visingizio vinaharibika bure.

2. Hakuna wa kumsengenya. Mchana tunakula wote meza moja, tunatazamana.

3. Bomba la stoo lilipasuka. Tulikaa kikao miguu ikiwa juu ya viti, kila mmoja akimuuliza mwenzake anaonaje, maana kumwita fundi kabla ya kuafikiana kungekuwa udikteta. Pole kwa mifuko yako ya saruji. Imekuwa jiwe moja.

4. Hili ndilo lililonichoma. Mke wangu aliposhikwa na uchungu, niliomba ruhusa. Msomi akanijibu kwa upole kwamba ruhusa ninayo mwenyewe, niusikilize moyo wangu. Wale wawili wakatikisa vichwa kukubali, wakarudi kwenye kompyuta zao. Mjomba, ningeinukaje peke yangu mbele ya watu waliokaa? Nilibaki hadi jioni. Mwanangu nilimkuta ameshaoga, amevishwa, amelala, nami nikapewa kiti cha wageni. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo naomba uje utuongoze. Nasikia kule karakana ulikuwa ukikohoa tu, watu wanaokota nyundo. Utufokee. Utukate mishahara, tukishaanza kulipwa. Na siku mtu anapohitajika nyumbani, umtimue aende.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata yule jirani wa redio.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ambaye kwa sasa hana wa kumtii.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa mke wangu aisome. Ameisoma yote, akauliza jambo moja tu: ni nani hasa aliyenikataza kuja. Nimewaza sana na sijapata jina. Tafadhali Mjomba, ukubali, na uteuzi wako tuuandike kuwa ulianza siku ile aliyozaliwa mtoto.