Shikamoo Sabini na Mbili

Jumapili, 10 Novemba

Kwach! Stepla ya Wilbert. Saa tano zimepita na bado inanibana masikioni.

Tulikuwa kwenye kikao cha kikundi cha wakulima cha Mutuka, baada ya misa. Mwenyekiti wetu, Mzee Severini, akauliza nani atatengeneza namba za foleni. Mbegu za mahindi zinafika Jumamosi, na mwaka jana watu walisukumana mpaka mzani ukavunjika. Nikasimama. Nikaanza kueleza namna kompyuta inavyoweza... Kwach! Wilbert kabana karatasi zake za mfano, kazipitisha. Akina mama wakasema aaa, kama wamepewa mtoto mchanga wamshike.

Wilbert nilisoma naye mpaka kidato cha nne. Mimi nilikuwa wa kwanza, yeye wa kumi na tisa. Sasa yeye ana duka la kutoa kopi karibu na stendi. Mimi nina shahada ya kompyuta, na kitanda nilichokuwa nikilalia darasa la saba.

Mzee akaamua: wote wawili tulete namba Jumamosi. Atakayefaa atakuwa katibu wa kikundi na atapewa chumba cha ofisi kule Bonga. Meza! Dirisha! Umeme!

Mama naye akaamua, tukiwa njiani. Nikikosa, Jumatatu naenda Dareda kwa shangazi Ritha kufundisha chekechea. Nikasema siwezi kuimba. Akasema watoto wa miaka mitatu hawajui.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepita mbele ya duka la Wilbert, kwa bahati tu, mara tatu. Anaandika namba kwa mkono, anatoa kopi, anakata kwa mkasi. Akaniona. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika stendi nzima kama ile lugha yangu ya kompyuta bado ina mabano mengi kama pembe za ng'ombe mnadani. Wateja wakacheka. Nikamjibu kwamba mtu wa kopi hawezi kuelewa. Nilipofika nyumbani ndipo nikapata jibu zuri zaidi. Sikurudi. (Nilirudi. Alikuwa ameenda kula.)

Mimi sikopi. Ninaandika mara moja, kompyuta inarudia. Na ninaandika kwa Scheme, lugha niliyoipenda chuoni kuliko binadamu wengi niliokutana nao huko. Inaniruhusu kutunga maneno mapya. Ninaiambia: ukikutana na neno langu hili, lifute, na mahali pake weka maneno haya. Ndiyo makro. Leo nimetunga neno *rudia*. Kabla kompyuta haijafanya chochote, inalikunjua. Linakuwa amri ndefu inayojiuliza kama imefika mwisho. Kama bado, inafanya kazi, inaongeza moja, halafu inajiita yenyewe. Inazunguka hivyo hadi mwisho; chuoni tuliita kitanzi.

Nikashangilia peke yangu chumbani: kitanzi kimekubali! Kitanzi changu kinazunguka vizuri!

Mama alikuwa nje ya dirisha akichambua maharage.

Baada ya dakika kumi majirani wawili wamekaa kitandani kwangu wakinishika mikono. Mmoja akaniambia kwamba hata Dareda watu wanaishi na wanafurahi. Kamba ya mbuzi imefichwa. Mbuzi mwenyewe hajulikani alipo.

Kuanzia sasa ninasema mzunguko.

Jumanne, 12 Novemba

Mbuzi amepatikana Nakwa. Kamba haijapatikana, Mama amesahau alikoificha.

Kikwazo kidogo cha kiufundi. Ndani ya makro niliweka kihesabio nikakiita *i*. Kisha nikaagiza: chapa *i*. Kompyuta ikagoma. *i* haijulikani! Asubuhi nzima nikagombana nayo. Kumbe ni adabu. Jina ambalo makro imejitungia ndani halitoki nje, ili lisije likagongana na jina la mwenye nyumba. Makro ya Scheme ni kama mgeni mstaarabu, hafungui makabati. Ukitaka kihesabio, mpe jina wewe mwenyewe mlangoni. Nimempa *k*. Mambo poa.

Mama akauliza nimefanya nini tangu asubuhi. Nikasema nimebadilisha herufi moja. Akaniambia shangazi Ritha ana ngoma ndogo, wimbo si lazima.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya utukufu.

Mtu wa kawaida angempigia Mzee Severini, angeambiwa wanachama ni sitini na nne, angeandika sitini na nne. Hiyo ni akili ya Wilbert. Mimi nimeunganisha simu na kompyuta. Pale panapohitajika idadi, nimeweka swali lenyewe:

(rudia k (muulize-mzee) (chapa-namba k))

Mstari mmoja! Amri ya *muulize-mzee* inatuma ujumbe kwenye simu ya Mzee, inasubiri jibu, inachomoa tarakimu. Ujumbe nimeutunga kwa uangalifu, maana huwezi kumuuliza mtu mzima swali kavukavu: Shikamoo Mzee Severini. Mimi Paskalina. Naomba kujua wanachama wetu ni wangapi?

Nimeazima printa ndogo ya risiti kwa shemeji Anselimu, mwenye duka la dawa. Saa tatu asubuhi nikabonyeza. Baada ya dakika nne, jibu: Marahaba mwanangu. 64. Printa ikatoa kikaratasi, namba 1. Karibu nilie.

Sikukaa kuangalia. Mashine ikifanya kazi, mwanadamu apange maisha. Nikaenda Bonga kupima dirisha la ofisi yangu kwa ajili ya pazia. Mlinzi akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia katibu. Akasema amesikia katibu ni kijana mmoja wa kutoa kopi. Nikapima hivyohivyo.

Niliporudi kulikuwa na vikaratasi kumi na vitano tu. Mama anasema mashine yangu inatoa kimoja, inanyamaza, inatoa kimoja, inanyamaza, kama kuku anayetaga huku anafikiria jambo lingine. Nadhani printa ina uchovu. Nimeifuta vumbi.

Alhamisi, 14 Novemba

Ole wangu.

Mchana Mama alirudi sokoni na habari. Amekutana na Valeria, binti wa Mzee Severini. Valeria analalamika kwamba baba yake hajaenda shambani tangu jana. Amekaa kwenye kigoda na simu mkononi, anaitikia shikamoo. Amewaambia kuna binti mmoja, msomi, ana heshima ya kupita kiasi, na yeye hawezi kumwacha bila kumwitikia. Betri ilipoisha alitembea hadi kwenye kibanda cha kuchajia, akasimama palepale mpaka ikajaa.

Nikakimbilia kompyuta. Nikasoma ujumbe wote ulioingia.

Marahaba mwanangu. 64.
Marahaba. 64.
Marahaba. Bado 64.
Marahaba Paskalina. Nyumbani hawajambo? 64.
Marahaba. Nakula. 64.
Marahaba. 64. Umesoma wapi wewe?

Na kuendelea hivyo! Mara arobaini na tatu!

Nikaikunjua makro kwenye karatasi, kwa mkono, kama nilivyofundishwa na nisivyowahi kufanya. Na pale, katikati kabisa ya mzunguko, nikaliona kosa. Mimi nilidhani makro itauliza, itapata jibu, itabeba jibu. Makro haibebi jibu! Makro inabeba maneno. Ilichukua swali langu zima, na shikamoo yake, ikalipachika kwenye ile sehemu ya kujiuliza kama imefika mwisho. Kwa hiyo kila ikizunguka inajiuliza, na kila ikijiuliza inamuuliza Mzee. Imefika ya kwanza: shikamoo, ni wangapi? Imefika ya pili: shikamoo, ni wangapi?

Kwa maneno mengine, imetoa kopi. Mungu wangu. Nina duka la kopi ndani ya kompyuta.

Nikanyoosha kidole nizime. Hapohapo simu ikalia. Ujumbe wa arobaini na nne:

Marahaba. Mwanangu naona una shaka na hesabu yangu, na wewe ni msomi. Subiri. Nakwenda kuhesabu upya nyumba kwa nyumba.

Hauna tarakimu. Kompyuta ikasubiri. Mimi pia. Nikizima nitamwambia nini? Kwamba hakuna aliyekuwa na shaka? Kwamba hakuna aliyekuwa anamsalimia? Mzee wa miaka sabini na sita, anatembea Mutuka yote na fimbo kwa sababu ya mabano yangu.

Nimemuuliza Mama kama wale watoto wa Dareda ni wengi. Akasema arobaini. Akaanza kunifulia nguo.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa mbili asubuhi simu ikalia. Sikutaka kuangalia. Mama akasoma kwa sauti:

Marahaba. 71. Daftari lilikuwa na kurasa mbili zimegandana. Mjukuu alimwagia uji mwezi wa tano. Ndani kulikuwa na watu saba. Ahsante sana mwanangu kwa kunisumbua.

Sabini na moja!

Nikatazama printa. Kwa kuwa mzunguko unauliza upya kila mara, nao ulipata habari upya. Haukuwa tena na safari ya kufika sitini na nne. Ukaendelea 44, 45, 46, bila kuanza tena, bila kujua kwamba kuna lililotokea. Mzee naye alikuwa amechangamka. Anajibu kabla sijavuta pumzi. Saa sita kasorobo namba 71 ikatoka. Kisha shikamoo ya mwisho, ya kujua tu kwamba tumemaliza. Jumla sabini na mbili. Zote zimeitikiwa.

Nikakaa chini sakafuni. Nikanywa maji vikombe viwili.

Baada ya chakula nimeandika makro upya, kama mtu mwenye akili timamu. Dawa yake ni mstari mmoja: uliza kwanza, jibu lipe jina, kisha mzunguko ulitazame jina na umwache mtu apumzike. Nimeijaribu. Inauliza mara moja tu. Ninaapa mbele ya shajara hii kwamba kesho nitasimama nieleze ukweli wote.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikueleza.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na karatasi yenye ukweli wote. Wilbert akatangulia, akagawa namba zake nadhifu, zimebanwa kwa pini moja moja. Kwach, kwach, kwach, jana yote labda. Zikaisha kwenye sitini na nne. Watu saba wakabaki wamesimama mikono mitupu, wa mwisho Mama Theophil, mjane, ambaye mwaka jana pia alikosa mbegu na akapanda mahindi ya kula. Akamuuliza Wilbert kwa upole kama yeye ni mwanachama au ni kivuli. Wilbert akasema aliambiwa sitini na nne. Akasema aliuliza. Akaapa aliuliza!

Mzee Severini akainuka na fimbo yake. Akasema ni kweli, huyu kijana aliuliza. Mara moja. Akasema: na mimi, mwenyekiti wenu, nilimjibu uongo bila kujua. Lakini kuna mtu aliniuliza mara sabini na mbili. Hakunionea haya, hakuchoka, na hata mara moja hakuanza bila shikamoo. Akasema ana watoto sita, wawili wako Arusha, na kwa mwaka mzima wote kwa pamoja hawajafikisha shikamoo hizo. Akina mama wakasema aaa. Kwangu mimi!

Vikaratasi vyangu vikagawiwa, vikawafikia wote, kisha akaniita mbele nieleze mbinu yangu.

Hapa ndipo karatasi ilipohitajika. Nilifungua mdomo. Nikamwona Mama Theophil amekishika kikaratasi namba 71 kwa mikono miwili, kama komunio. Nikamwona Mama, nyuma kabisa, na mfuko wa nguo zangu zilizofuliwa. Nikasema kwamba ni mfumo wa uhakiki endelevu.

Makofi.

Mbegu zilitosha na mifuko miwili ikabaki. Ufunguo wa Bonga uko shingoni kwangu, kwenye uzi. Mama amerudisha nguo kabatini. Akasema shangazi Ritha atasikitika, lakini watoto wamepona.

Wilbert alinifuata getini. Akaniuliza kwa upole, bila pembe za ng'ombe, kama ningeweza kumfundisha huo uhakiki. Nikamwambia ni mgumu sana. Nimelala mchana huu usingizi mzito kuliko wowote tangu nimalize chuo.

Jumapili, 17 Novemba

Paroko ameshasikia. Baada ya misa ya kwanza akaniita sakristia. Anataka kujua hesabu ya watoto wa kipaimara katika vigango vyote vya parokia, askofu anakuja Desemba. Akasema anahitaji mtu makini, asiyeridhika na jibu la kwanza.

Nimekaa ofisini kwangu, dirisha wazi, pazia halitoshi kwa sentimita kumi. Nimeitazama makro mpya, ile inayouliza mara moja. Inafanya kazi vizuri. Haina imani ndani yake. Ingekuwa yenyewe juzi, watu saba wangekosa mbegu. Nimeifuta.

Nimerudisha ya zamani, na safari hii nimeweka mzunguko ndani ya mzunguko. Wa nje unamuuliza Paroko vigango ni vingapi. Wa ndani, kwa kila kigango, unamuuliza katekista ana watoto wangapi. Kila ujumbe unaanza na Tumsifu Yesu Kristo, maana hakuna Mkatoliki anayeweza kuuacha bila kuuitikia. Nilitaka kuikunjua kwanza kwenye karatasi nione itauliza mara ngapi, lakini karatasi nilizonazo hazikutosha.

Nimebonyeza saa nne na robo, Paroko akiwa anapanda altareni kwa misa ya pili, simu yake, kama kawaida, mfukoni mwa kanzu.