Hotuba ya Kuzindua Ngazi za Zege Mlangoni kwa Mama Cherehani

Mheshimiwa mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu ni mimi tena. Mheshimiwa mkandarasi, ambaye ni shemeji yangu lakini hapa tumekuja kikazi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya ngazi, kamati ndogo ya ngazi, na kamati inayoisimamia kamati ndogo. Mama Cherehani, mwenye nyumba hii na duka la kushona ambalo mlangoni pake nimesimama. Bibi, mama yake mzazi, uliyeshushwa leo na wajukuu zako kwa kiti ili na wewe uonekane kwenye picha. Kinyozi wa mlango wa pili. Dada wa duka la dawa. Ndugu waandishi wa habari, yaani yule kijana mwenye kamera. Na kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa.

(Makofi ya kamati. Wengine wamejikinga jua kwa mikono, hawana mkono wa kupigia.)

Ndugu zangu, kila mtu hapa anajua kwamba nyumba za mtaa huu ziko juu na barabara iko chini, na kwamba zamani kila mlango ulikuwa na ngazi zake, kama zile za mlango huu ambazo marehemu mume wa Bibi alizijenga kwa mikono yake, bila mchoro, bila kibali, bila upembuzi yakinifu, bila hata semina moja, na ambazo zilikaa hapa tangu Mama Cherehani anatambaa mpaka akapata wajukuu, zisipate hata ufa, jambo ambalo wataalamu wangu wamelichunguza na kukubaliana kwamba lilikuwa kinyume cha utaratibu. Ndiyo maana mwaka jana nikaja na nyundo.

(Minong'ono. Mjumbe mmoja anapiga makofi, anajikuta yuko peke yake, anajifanya anaua mbu.)

Awamu ya kwanza ya mradi, iliyoitwa Kuondoa Ngazi Chakavu Ili Kupisha Ngazi za Kisasa, ilikamilika kwa asilimia mia moja. Mia moja. Hakuna nyumba iliyosahaulika, hakuna duka lililoonewa huruma, na nasema bila kujisifu, ingawa ningejisifu mngenielewa, kwamba tangu nikalie kiti hiki sijawahi kuona kazi ya ofisi yangu ikaisha vile.

(Kinyozi: "Hapo hujadanganya.")

Asante, Kinyozi, huyo ndiye mwananchi anayejitambua. Sasa kuna wapinga maendeleo wanaosema huu umekuwa mwaka wa kuruka. Mimi naita kipindi cha mpito, na katika kipindi cha mpito nimeona ubunifu uliotukuka, kwa sababu huyu Kinyozi ameweka kreti ya soda mlangoni, mteja anakanyaga, Kinyozi anamvuta mkono, mteja anafika kwenye kiti cha kunyolea akiwa ameshasalimiwa na ameshafanya mazoezi. Dada wa duka la dawa ameniambia kwa mdomo wake kwamba bandeji na dawa ya kuchua zinamwishia kila wiki, na huo, jamani, ni mzunguko wa uchumi. Na wazee wetu kama Bibi wamepata muda wa kupumzika, maana tangu nyundo ipite hajakanyaga nje, anashinda dirishani, kivulini, anaangalia watu bure, wakati sisi viongozi jua linatuchoma kwa ajili yake.

(Bibi anamtazama. Hapepesi.)

Sasa itazameni hii ngazi niliyosimama juu yake. Ni zege. Kokoto, mchanga, saruji na nondo, kwa uwiano ambao siutaji kwa sababu za kiusalama. Mbele ya wazee wangu hawa narukaruka juu yake, hivi, na hivi...

(Ngazi inalia nyaa.)

Huo mlio msiutilie maanani. Zege la zamani lilikuwa bubu, zege la kisasa linapumua. Na hii rangi ya kijivu iliyoshika kwenye viatu vyangu, na kwenye suruali, na naona na kwa shemeji hapo mgongoni, ni saruji ambayo bado ina ari ya kazi. Naomba tu mtu asigonge gonge pembeni. Wewe mtoto, ondoa mkono. Ukigonga ukasikia uwazi ndani, hiyo ni nafasi ya upanuzi wa baadaye.

(Kicheko kirefu. Mkandarasi anafuta jasho.)

Takwimu sasa, maana mimi si mtu wa maneno matupu. Kufikia asubuhi ya leo tumeshazindua ngazi kwenye mitaa yote inayopakana na huu, nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, na picha ziko ofisini, na wafadhili wameziona wakatokwa machozi. Kuna watu wameuliza mbona kila picha, kila mlango, ngazi ina kovu lilelile pale pembeni, kama hili hapa lenye umbo la sikio. Ndugu zangu, hiyo ni alama ya ubora. Na wameuliza mbona ukipita kwenye hiyo mitaa huioni ngazi. Swali zuri. Linaonyesha mnatembea sana.

(Kinyozi: "Lile lori linanguruma kwa ajili ya nini, mheshimiwa?")

Lori ni la ratiba. Tusitoke nje ya mada. Sasa nafika kwenye kilele: kwa heshima niliyonayo kwa kina mama, nataka Bibi awe mtu wa kwanza kupanda ngazi hii, ambayo kuanzia leo ni yake, apande kwa miguu yake, asibebwe. Karibu, Bibi. Kijana wa kamera, kaa tayari. Taratibu, mama yangu. Hivyo hivyo. Mnaona? Mnaona miguu iliyopumzika mwaka mzima inavyokumbuka kazi?

(Bibi anapanda. Mama Cherehani ameshika mdomo. Mtaa mzima unapiga makofi, ya kweli sasa. Katikati ya ngazi Bibi anageuka, anakusanya nguo yake, anakaa.)

Vizuri sana. Picha imeshatoka. Asante, Bibi, sasa shuka, mama, tuendelee na ratiba. Bibi? Mama Cherehani, hebu ongea na mzazi wako, pengine hasikii.

(Mama Cherehani anapanda, anamwinamia mama yake, wanaongea chinichini. Halafu naye anakaa, pembeni yake.)

Anasemaje?

(Mama Cherehani: "Anauliza, si umesema ni yake?")

Ni yake kabisa, kimaandishi ni yake, lakini kuna taratibu za umiliki na taratibu za matumizi. Bibi, nakuomba kama mama yangu, inuka kidogo tu, vijana wafanye ukaguzi wa mwisho.

(Bibi: "Mwanangu, umesema ni zege. Zege halihami.")

(Dada wa duka la dawa anapanda, anakaa. Kinyozi anafuata, na taulo lake begani. Ngazi inalia nyaa. Hakuna anayeinuka.)

Basi tumalizie. Nikisema "Ngazi", nyie semeni "Imefika". Ngazi!

(Watu: "Inaondoka!")

Mmekosea kidogo lakini moyo nimeuona. Kwa kufunga, natoa shukrani za dhati kwa fundi seremala aliyeitengeneza ngazi hii ya zege. Kwa mpaka rangi aliyeipaka usiku kucha. Kwa hawa vijana wanne wenye mabega imara wanaoipandisha lori na kuishusha kila mtaa tangu uzinduzi wa kwanza. Kwa dereva, ambaye wananchi wa mtaa unaofuata kwenye ratiba wanamsubiri na keki imeshakatwa. Na kwa shemeji, aliyetuthibitishia kwamba saruji yenyewe ingechelewesha mradi. Asanteni, na naomba sasa mnipishe nipite.

(Hakuna anayepisha. Vijana wanne wanaizunguka ngazi, wanatafuta pa kushika, kila pembe ina makalio ya mtu. Mheshimiwa amerudi nyuma kizingitini. Anachungulia chini upande wa kushoto, anachungulia wa kulia. Ni juu.)

Kinyozi, ndugu yangu, ile kreti yako iko wapi?

(Kinyozi: "Ipo katika kipindi cha mpito.")

Shemeji. Shemeji, wewe. Naona anaingia kwenye gari. Jamani, tuache utani, mimi nina kikao. Hivi hapa, bila ngazi, huwa mnafanyaje?

(Bibi hageuki. Ananyoosha miguu yake juani.)

(Bibi: "Huwa tunakaa ndani.")