Maneno Matano ya Ukutani

Jumatano, tarehe kumi na nane, mwezi wa sita. Manyunyu yalianza alfajiri, yakakatika saa mbili, kisha jua likachungulia kwa aibu kama mtoro anayerudi darasani. Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, linatazamana na ukuta wa shule. Lilikuwa bado bichi; Kidato alilifuta kabla wenzake hawajafika.

Kidato ni fundi viatu, ana miaka hamsini na mmoja, na kila jioni husoma darasa la watu wazima katika shule hiyo. Walianza saba. Wenzake sita walichomoka mmoja mmoja, na sasa ilisemekana darasa litafungwa. Alfajiri hiyo alikuwa amepiga magoti mpaka yakafa ganzi, akimwomba Mungu amwachie darasa lake.

Katiba, karani mstaafu wa mahakama, alifika akipunga barua.

"Jamani, habari nzito! Shule inaandika upya dira na dhima yake. Majirani tukubaliane maneno, tumpe mchoraji kabla ya adhuhuri. Mwalimu Mkuu anasema kitakachoandikwa ukutani ndicho kitakachofanyika. Kisichoandikwa, basi tena."

Kidato alikitua kikombe chake, akasogea karibu.

"Dira ndiyo nini?" aliuliza Rubani, dereva wa pikipiki.

"Ni pale shule inapotaka kufika. Dhima ni kazi itakayoifanya ili ifike."

"Kumbe ni mambo ya kufika! Mngeniita mapema."

Katiba alitoa kalamu. "Naandika: kuwa shule bora duniani."

"Duniani tu?" Rubani alidakia. "Una roho ndogo wewe mzee. Weka na sayari za jirani."

"Jirani wa shule ni bati langu," alisema Mama Birika. "Andika: kulea watoto wasiorusha mawe juu ya bati."

"Wenye kofia ngumu kila wapandapo pikipiki," Rubani akaongeza.

"Na waijuao sheria kuliko wazazi wao," Katiba akajiandikia mwenyewe.

Kidato aliinua mkono, kama afanyavyo darasani. "Na watu wazima jioni," alisema taratibu.

"Hilo nalo liandike," alisema Mama Birika. "Baba wa watu ameomba kistaarabu."

Kufikia kikombe cha nne, karatasi ilijaa mbele na nyuma. Ndipo akaja Brashi, mchoraji, na ngazi begani. Akaitazama karatasi, akaishusha ngazi.

"Shikamooni, wakubwa. Hayo yote niyaandike wapi? Kichwa cha DIRA NA DHIMA nilikichora jana, kila herufi kubwa kama mbuzi aliyesimama. Nimebakiwa na nafasi ya maneno matano."

Kila mmoja alikumbatia kikombe chake kana kwamba ndicho kitakachofutwa.

"Kanuni ya benchi mnaijua," alisema Katiba. "Neno likipingwa na mtu mmoja, limekufa. Rufaa hakuna."

"Napinga bati!" Rubani aliwahi.

"Ala! Basi napinga kofia zako. Na sayari zako zote!"

"Mama, sayari zimekukosea nini?"

"Zinanikalia juu ya bati."

"Na mimi napinga shule bora duniani," alisema Rubani, akimgeukia Katiba. "Bora gani? Si hapohapo uliposoma wewe?"

Katiba alisimama, mshipa wa shingo umemtoka. "Kumbe ni vita? Napinga kulea watoto!"

"Watoto wote?"

"Wote! Nani kati yao ameleta maoni kwa maandishi?"

"Na sheria zako napinga," alimalizia Mama Birika.

Muda wote huo Kidato alifumba macho, midomo ikimcheza. Hakumpinga mtu, na mtu hakumkumbuka kumpinga. Brashi alihesabu maneno yaliyosalia, akapanda ngazi.

Adhuhuri Mwalimu Mkuu alitoka langoni. Alisoma ukuta. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

DIRA NA DHIMA: KUWA NA WATU WAZIMA JIONI.

"Watoto wangu mia nane wako wapi?"

"Walipingwa, Mwalimu," alisema Katiba. "Kwa kufuata taratibu zote."

"Brashi, futa."

Brashi aligeuza kopo juu chini. Halikudondosha kitu. "Rangi ya kufutia iliishia kwenye zile herufi za mbuzi, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alivuta pumzi ndefu. "Mkaguzi anakuja kesho jioni. Atataka kuona ukuta unatekelezwa. Na mimi sina watu wazima. Nina huyu mmoja."

Wote walimtazama Kidato. Kisha wakatazamana. Rubani akaanza kupapasa mfuko akitafuta ufunguo wa pikipiki.

"Keti, Rubani," alisema Mwalimu Mkuu. "Kalamu ni yenu, maneno ni yenu. Mkija, darasa haliguswi. Msipokuja, nalifunga kesho hiyohiyo."

Kidato aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwa Mungu alikuwa ameomba darasa. Wanafunzi wenzake hakuthubutu hata kuwataja.

Katiba ndiye aliyesimama kwanza. Akavua kofia, akainua mkono wa kulia kama alivyowaona mashahidi wakifanya miaka thelathini.

"Mbele ya Mwalimu Mkuu, mchoraji na benchi hili, naahidi: kesho saa kumi na moja jioni nitakuwa darasani."

"Naahidi na mimi," alisema Mama Birika. "Na kahawa nitakuja nayo."

Macho yote yakamhamia Rubani. Alikuna kichwa, akautazama ukuta kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake.

"Haya, naahidi. Ila nikae nyuma, karibu na dirisha."