Kampuni Isiyo na Mkubwa

Jumatatu, 1 Juni 1987

Leo kampuni imezaliwa! Ofisi: chumba cha nyuma cha duka la Maduhu, fundi redio, hapa Shinyanga mjini. Kazi: kutunga programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mji mzima hakuna mwingine anayefanya kazi hii. Maduhu anasema ni kwa sababu mji mzima una kompyuta moja, tena ya Padri Marcel. Mkatisha tamaa.

Tuko watatu: mimi, Maduhu, na Mwalimu Generosa wa hisabati. Mwenye uzoefu ni mimi. Nilikuwa chumba cha kompyuta Dar es Salaam hadi waliponiachisha kazi kwa kuzipanga upya kadi zao za maagizo bila kuombwa. Hawakuwa tayari kwa maendeleo.

Nimeandika misingi yetu ukutani kwa rangi nyekundu. Hapa hakuna mkubwa. Kazi haitoki kabla mwenzako hajaikagua. Aliyekosea anasema mwenyewe, wala hachekwi. Generosa akauliza kama tusingeanza kwa kutafuta mteja. Maduhu akauliza kama ile haikuwa rangi ya mlango wake. Maswali ya watu wasioona mbali!

Jumatano, 3 Juni

Ugomvi wa kiti. Kuna kimoja tu chenye mikono. Nikaeleza kwamba kwa kuwa hapa hakuna mkubwa, kiti hiki si cha mtu yeyote, na ndiyo maana nimekikalia. Generosa akasema basi kiti kisicho cha mtu kikae kitupu. Maduhu akakichukua, akamkalisha bibi aliyeleta redio. Nimefanya kazi nimesimama, kutwa nzima, ili waone aibu. Hawakuona.

Ijumaa, 5 Juni

Mteja! Generosa ndiye aliyempata, lakini hapa sifa ni za wote. Ni Bwana Zamoyoni, mkuu wa usafirishaji wa ushirika wa pamba. Mwaka jana malori yalirundikana vijiji vya karibu, vya mbali vikasahauliwa hadi mvua zikaanza. Pamba ya mama mkwe wa Maduhu, mama yake mkewe Limi, iliozea ghalani. Programu yetu itapanga lori gani liende kijiji gani. Jumanne tunamwonyesha, kwenye kompyuta ya Padri Marcel.

Generosa ameshaitunga yote, ameihifadhi kwenye kaseti. Ameniomba niikague. Nimeisoma mara mbili. Haina kosa. Haina pia jina langu.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya misa nilikwenda kwa Padri Marcel. Kompyuta yake ni kidude cha vibonye kilichounganishwa na televisheni, na televisheni hiyo haina kingine cha kuonyesha, maana huku bara hakuna kituo cha televisheni. Nikamwambia nakuja kukagua.

Kila agizo kwenye programu lina namba. Nikaandika yangu kwa namba kumi, ishirini na thelathini: KARIBU BWANA ZAMOYONI. HII NI KAZI YA STANSLAUS. SHINYANGA JUU! Mashine ikayapokea bila ubishi. Nilipotazama, maagizo ya Generosa yenye namba hizo hayakuwepo tena. Matatu tu, kati ya mengi! Nikahifadhi juu ya kaseti ile ile. Moyo mweupe kabisa.

Jumanne, 9 Juni

Nimehujumiwa.

Jina langu lilitokea likang'aa, Bwana Zamoyoni akatabasamu. Kisha mashine ikaanza kupanga. Lori la kwanza: Kizumbi. La pili: Kizumbi. La tatu: Kizumbi. Yote Kizumbi! Mahali ambapo mtu anakwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Bwana Zamoyoni akasema karani wake wa mwaka jana alifanya hivyo hivyo, bila televisheni.

Generosa akauliza nani ameigusa kaseti. Nikasema umeme wa mji huu ni mdogo sana.

“Lakini Stanslaus, si ulikuja Jumapili kukagua?” akasema Padri Marcel, kwa upole wote wa upadri wake.

Generosa akaangalia maagizo. Nilikuwa nimefuta lile linaloiambia mashine ihamie kijiji kinachofuata.

“Msingi wa tatu,” akasema. “Uliuandika wewe.”

Nikamjibu ule ni wa wafanyakazi.

“Tuna wafanyakazi?”

Nikatoka nje. Kulikuwa na joto.

Jumatano, 10 Juni

Limi alikuja asubuhi. Heri angepiga kelele.

“Shemeji,” akasema, “mwaka huu mayu, mama yangu, amelima peke yake, na anaumwa mgongo. Akiniuliza lori litafika lini, nimwambieje?”

Nilishindwa kumtazama. Chai sikuigusa. Hali hiyo ilidumu karibu saa nzima.

Generosa amerudisha maagizo yake. Amenitaka niende kwa Bwana Zamoyoni nikiri kwa mdomo wangu, ili akubali kuangalia tena. Nikakubali. Njia nzima nilirudia maneno: Mzee, kosa ni langu.

Nikaingia. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Halafu nikajisikia nikimweleza kwamba kampuni yetu huweka kosa makusudi ili kupima umakini wa mteja, na kwamba yeye amefaulu.

Alicheka hadi akavua miwani.

Ijumaa, 12 Juni

Bwana Zamoyoni ametazama tena. Malori yamepangwa vizuri, la kwanza limeanzia kijiji cha mbali kabisa, kwa mama yake Limi. Kazi wamepewa Generosa na Maduhu, kwa sharti kwamba mimi nisiikaribie mashine. Wakaniomba niondoke. Nikawauliza ni mkubwa gani ananifukuza. Maduhu akasema hakuna mkubwa, ila duka ni lake.

Wivu! Naondoka kichwa juu. Watanikumbuka.

Jumatano, 17 Juni

Geita. Hewa nyingine kabisa! Nimemkuta Thobias, mchimba dhahabu. Amechimba duara, yaani shimo lake, tangu kiangazi cha mwaka jana. Anapata mawe na maji tu. Nikamweleza habari za kompyuta. Nikamwambia mashine itamwonyesha mahali dhahabu ilipo, kwa kipimo cha unyayo. Akauliza je, ikikosea?

Nikacheka. Nikamwambia haijawahi kutokea. Ameshaanza kulifukia shimo la zamani.